Garchomp wako hana upungufu wa nguvu

Ukikaa na vijana wanaocheza Pokémon, mchezo wa viumbe wanaopigana kwa zamu, iwe Michenzani au Chake Chake, swali lao la kwanza ni lilelile: nani ana nguvu kuliko wote? Wakishajibiwa humchukua huyo huyo, humtwika pigo kubwa kuliko yote, humtoa zamu ya kwanza, na ikifika zamu ya tatu keshaanguka. Kisha lawama huenda kwa bahati mbaya au kwa mtandao.

Mie naona swali lenyewe ndilo linalowaponza. Mshambuliaji hujengwa kwa ajili ya adui maalumu. Unamtaja unayetaka aanguke, unamtaja usiyetaka akuwahi, ndipo unapoanza kugawa namba zake: damu (yaani uhai), shambulio, ulinzi, kasi. Sehemu kubwa ya dhana potofu ninazozinukuu hapa chini hutoka kwenye hadithi ya mchezo, ambako ukishindwa unarudi msituni, unapandisha leveli, unamponda kila mtu kwa ubavu. Mashindano rasmi ya mchezo huu huchezwa leveli 50. Ubavu huo haupo. Kinachobaki ni hesabu.

"Tafuta mwenye shambulio kubwa zaidi"

Slaking ana shambulio la msingi 160 na jumla ya namba zake ni 670. Garchomp, joka wa mfano wetu, ana 130, jumla 600. Kwa macho tu, Slaking kashinda. Lakini Slaking ana kipaji kinachoitwa Truant: akipiga zamu hii, zamu inayofuata hafanyi kitu. Adui anajikinga kwa Protect siku ya kupigwa, anafanya atakalo siku ya kupumzika. Regigigas naye ana 160 na jumla ileile ya 670, ila Slow Start humkata shambulio na kasi kwa nusu katika zamu tano za mwanzo. Watengenezaji wa mchezo wanajua wanachofanya: namba kubwa mno huja na pingu. Soma kipaji kabla ya kusoma namba.

"Hulka ya mshambuliaji ni Adamant, basi"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mechi nyingi zinapopotea kabla hazijaanza.

Hulka huongeza namba moja kwa asilimia 10 na kupunguza nyingine kwa kiasi hicho hicho. Adamant huongeza shambulio, Jolly huongeza kasi, na zote mbili hupunguza shambulio maalumu ambalo Garchomp wa kupiga kwa mwili halihitaji. Vijana karibu wote huchagua Adamant. Hoja yao ni kwamba mshambuliaji apewe shambulio, kasi 102 ya msingi inamtosha.

Tufanye hesabu ya leveli 50, mmoja kwa mmoja. Garchomp aliyejazwa pointi za mazoezi 252 za kasi na 252 za shambulio, kiwango cha juu kabisa, akiwa Adamant, anakuwa na shambulio 200 na kasi 154. Akiwa Jolly, shambulio 182 na kasi 169. Sasa mlete mbele yake Charizard aliyejengwa kwa kasi: 167. Kumi na tatu juu ya Adamant, mbili chini ya Jolly.

Charizard huruka, kwa hiyo Earthquake, pigo la ardhi, haimpati. Garchomp anategemea Rock Slide, pigo la mwamba, na mwamba humuumiza Charizard mara nne. Charizard asiyeongezwa damu ana 153. Rock Slide ya Adamant, hata ikitoka kwa kiwango chake cha chini kabisa, inaondoa 232. Ya Jolly inaondoa 212. Kote kuwili Charizard hayupo tena. Zile pointi 18 za shambulio ulizozing'ang'ania hazikununua kitu.

Lakini Garchomp wa Adamant hapigi kwanza. Charizard anatangulia na Will-O-Wisp, pigo la kuunguza linalofika mara 85 kati ya 100, na kuungua hukata nguvu ya mapigo ya mwili kwa nusu. Sasa Rock Slide ile ile inaondoa kati ya 116 na 138. Charizard anabaki amesimama, na wewe una mshambuliaji aliyeungua hadi mwisho wa mechi. Kijana mmoja wa Wete aliyenionyesha mechi ya namna hii alisema, "Kaka, mbona kapigwa mara nne na hafi?" Jibu lilikuwa kwenye hulka aliyoichagua usiku wa kabla.

Simaanishi kwamba Jolly ni bora daima. Kama timu yako ina wa kupuliza Tailwind, inayozidisha kasi ya upande wako mara mbili kwa zamu nne, Adamant inarudi kuwa na akili kabisa, kwani 154 inakuwa 308. Ninachosema ni kwamba hulka huchaguliwa kwa kumtazama adui.

"252, 252, na 4 zilizobaki tupa popote"

Kila mmoja ana pointi 510 za kugawa, na namba moja haipokei zaidi ya 252. Kuzisambaza kidogo kidogo kila mahali ni kosa, na wengi wanalijua. Lakini kugawa 252 kwa 252 kwa mazoea nako kuna gharama, na wachache wamewahi kuikokotoa.

Garchomp ni joka na ardhi, kwa hiyo barafu humuumiza mara nne. Mamoswine wa Adamant mwenye shambulio 200 anampiga Ice Shard, pigo dogo la nguvu 40 linalotangulia hata kasi. Bila kifaa chochote cha kuongeza nguvu, Ice Shard hiyo inaondoa kati ya 160 na 192. Garchomp ambaye hakuongezewa damu ana 183. Kila pigo kwenye mchezo huu huchaguliwa kiwango kimoja kati ya 16, kuanzia asilimia 85 hadi 100, na katika viwango hivyo 16, vinne vinamwangusha: vitatu vya 184 na kimoja cha 192. Robo nzima.

Ukitupa pointi 4 kwenye damu anafika 184, na 184 bado inamwangusha. Ukimpa pointi 12 anafika 185. Sasa kinachomwangusha ni kiwango kimoja tu kati ya 16. Gharama yake? Shambulio linashuka kutoka pointi 252 hadi 244, na namba yenyewe inatoka 182 hadi 181. Umetoa moja ya shambulio, ukanunua uhai katika mara tatu kati ya kila mara 16. Ikiwa Mamoswine ni tishio kwenye timu za wenzako, biashara hiyo ifanye leo. Kama hawamtumii, tafuta mwingine anayekusumbua ukamfanyie hesabu hiyo hiyo.

"Pigo kubwa ndilo pigo zuri"

Stone Edge ina nguvu 100 na hufika mara 80 kati ya 100. Rock Slide ina 75 na hufika mara 90. Ukihitaji mapigo matatu yote yafike, Stone Edge itakupa hivyo karibu nusu ya mechi, Rock Slide karibu mara 73 kwa mia. Tena Rock Slide ina asilimia 30 ya kumshtua adui asicheze zamu hiyo, ukimtangulia. Na kama tulivyoona kwa Charizard, 75 ilitosha na chenji ikabaki. Chukua pigo dogo kabisa linalomaliza kazi kwa uhakika. Kubwa liwekee adui ambaye dogo halimwezi. Focus Blast, inayofika mara 70 kwa mia, itumie pale tu ambapo huna njia nyingine kabisa.

"Mapigo yote yawe ya aina yake mwenyewe"

Pigo la aina moja na anayelipiga huongezeka nusu, hivyo Earthquake ya 100 kwa Garchomp ni sawa na 150. Ni kweli, na ndiyo maana wengi humpa mapigo ya ardhi na joka, wakaishia hapo. Sasa anatoka Togekiss, ambaye ni wa aina ya Fairy na anaruka. Ardhi haimgusi. Joka halimgusi. Garchomp wako kageuka mtazamaji. Corviknight naye, chuma chenye mabawa, ardhi haimfikii na joka humpunguzia nusu. Pigo moja la mwamba au la moto halina ongezeko lile, lakini linafungua mlango ambao mengine yote yamefungiwa.

"Anza na Swords Dance, halafu wamalize"

Swords Dance huzidisha shambulio mara mbili. Lakini zamu ya kucheza ngoma ni zamu ya kutokupiga. Kupiga mara mbili na kucheza kisha kupiga mara moja hutoa maumivu yale yale. Faida inaanza pigo la pili baada ya ngoma, au pale pigo moja lililokuzwa linapomwangusha ambaye asingeanguka. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni: zamu hii nimepewa bure? Adui anayelazimika kumbadilisha mtu amekupa bure. Adui aliyefungiwa na kifaa cha Choice Scarf kwenye pigo moja lisilokuumiza amekupa bure. Adui mwenye Mamoswine aliye hai nyuma hajakupa chochote. Subiri kwanza Mamoswine aondoke.

Na hapo tunafika kwenye kosa ninaloliona zaidi ya yote: kumtoa nyota mapema. Anayejua bao la baraza hasafiri na nyumba yake wakati namua haijaisha kwa sababu tu kete zinamuwasha mkononi. Garchomp ukimtoa zamu ya kwanza unamwonyesha adui kifaa chake, mapigo yake na kasi yake, na unampa nafasi ya kumchosha akiwa na jeshi kamili. Ukimtunza mpaka Corviknight apungue na mwenye barafu atoke, Garchomp yule yule, kwa namba zile zile, anaangusha watatu mfululizo. Mwenzangu, angalia tena mechi ulizoshinda na mechi ulizoshindwa: mara nyingi tofauti ni zamu aliyoingia.

"Wengine kwenye timu ni wa kujazia"

Mwaka 2014, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Washington, D.C., Sejun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa kitengo cha wakubwa (Masters) akiwa na Pachirisu, kindi wa umeme mwenye shambulio la msingi 45. Kwenye mapigano ya wawili kwa wawili, Pachirisu alitumia Follow Me kuyavuta mapigo yamjie yeye. Gyarados, mshambuliaji aliyesimama pembeni yake, huogopa umeme. Pachirisu, kwa kipaji chake cha Volt Absorb, umeme humrudishia damu. Adui akitaka kumpiga Gyarados radi, radi humlisha kindi. Gyarados ndiye aliyeonekana hodari, lakini muulize nani alimpa zamu za kuwa hodari.

Wanaodai kwamba mzito hafai kushambulia nao wamtazame Torkoal, mwenye kasi ya msingi 20. Chini ya Trick Room, kwa zamu tano, aliye mzito ndiye anayetangulia, na moto wake ukipigwa kwenye jua huongezeka nusu. Kwa huyo, kumtilia pointi za kasi ni kumharibu.

"Bila Nintendo Switch huwezi kujifunza"

Hii inaniudhi kwa sababu inawafukuza vijana wenye vichwa vizuri. Pokémon Showdown, tovuti ya kuchezea mapambano haya, hufunguliwa kwenye kivinjari cha simu, ni bure, na timu unaipanga kwa kuandika tu: hulka, pointi, mapigo, kifaa, hakuna saa za kufuga wala kutafuta. Mchezo ni wa zamu kwa zamu, kwa hiyo hautaki mtandao wa kukimbia. Unachotaka ni usikatike, maana kuna saa ya kuhesabu muda wa kila zamu na saa hiyo haikungoji umeme urudi. Kuna pia kikokotoo cha mapigo cha bure mtandaoni. Unamwingiza Garchomp, unamwingiza Charizard, unabadilisha Adamant kuwa Jolly, na namba zote nilizozitaja hapa zinakuja mbele yako. Anza na adui aliyekuangusha jana: weka namba zake upande wa kulia, mshambuliaji wako kushoto, usome kwanza mstari wa kasi.