Kwa nini usukani wa magari mapya ya michezo hauongei kama wa zamani?

Je, wajua kwamba tairi la mbele likikaribia kuteleza kwenye kona, usukani hulegea mkononi kabla tairi lenyewe halijaachia barabara? Dereva aliyezoea Landrover 109 kwenye udongo mwekundu wa Kasulu wakati wa masika anaijua hali hiyo hata kama hajawahi kumweleza mtu. Usukani uliokuwa na uzito unageuka mwepesi ghafla, naye anatoa mguu kwenye mafuta bila kufikiri mara mbili. Taarifa imetoka chini, imepita kwenye vyuma, imefika vidoleni.

Vijana wa gereji za Mwanga hapa Kigoma hutazama kwenye simu majaribio ya Porsche na Ferrari, na kila mara humsikia mjaribu akilalamika kwamba usukani wa gari jipya umekufa ganzi, kwamba la zamani lilikuwa linaongea na dereva. Swali lao ni la haki kabisa: gari la mamia ya mamilioni ya shilingi, lenye injini na breki bora kuliko zote zilizolitangulia, litakosaje kitu ambacho Landrover kuukuu linacho?

Wengi huitupia lawama mota ya umeme inayosaidia kuuzungusha usukani wa magari mapya, lakini jibu linaanzia kwenye tairi.

Mpira hunyumbulika. Ukikata kona, rimu inaelekea huku, lakini mpira ulioshika lami unachelewa kidogo kufuata, hivyo tairi linakwenda digrii chache pembeni ya kule linakoelekezwa. Wayo wa tairi, yaani ile sehemu inayogusa ardhi, haubebi kazi hiyo sawasawa. Mbele ya wayo mpira ndio kwanza umekanyaga na haujavutika sana. Kadiri unavyokwenda nyuma ndivyo unavyovutika zaidi. Kwa sababu hiyo nguvu kubwa ya kushika kona hukaa nyuma kidogo ya katikati ya gurudumu, na nguvu iliyo nyuma hivyo hulivuta gurudumu linyooke. Ndiyo maana ukimaliza kona ya kuingia Ujiji ukaulegeza usukani, unarudi wenyewe. Ndiyo maana pia unakuwa mzito ukiingia kona kwa kasi.

Sasa ongeza mwendo. Mpira wa nyuma ya wayo, uliovutika kupita kiasi, unaanza kuteleza kwanza. Nguvu inahamia mbele, inakaribia katikati ya gurudumu, na ule mvuto wa kunyoosha unapungua. Hapa ndipo penye utamu wote wa jambo hili: mvuto huo unafika kileleni na kuanza kushuka wakati tairi bado lina akiba ya kushika. Onyo linatangulia mtelezo. Sijui chombo kingine kwenye gari kinachomwambia dereva mapema hivyo, bila kumlazimisha kuondoa macho barabarani.

Lakini onyo hilo ni dogo, na kuna mengi yanayoweza kulifunika. Mojawapo ni kasta, yaani jinsi mhimili ambao gurudumu hugeukia linapokata kona unavyolazwa nyuma. Kasta nayo huurudisha usukani, ila yenyewe hailegei tairi likianza kuteleza. Mbunifu akiiweka kubwa, gari linatulia vizuri kwenye mwendo mkali, lakini mvuto usioshuka unaumeza ule unaoshuka, na mkono haupati tofauti. Magari mengi ya leo yana kasta kubwa kwa sababu hiyo ya utulivu. Jingine ni upana wa tairi. Tairi pana lina wayo mfupi, na wayo mfupi hauachi nafasi kubwa ya nguvu kukaa nyuma ya katikati, hivyo ujumbe unazaliwa ukiwa mdogo tangu mwanzo. Toyota GT86 ya mwaka 2012 ilisifiwa kwa usukani wake ingawa inasaidiwa na mota ya umeme; matairi yake yalikuwa na upana wa milimita 215 tu, aina ileile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius. Anayeitupia mota lawama zote aiangalie gari hiyo kwanza.

Hata hivyo mota ina sehemu yake, na si ndogo.

Mhandisi Mmarekani Francis Davis alitengeneza usukani unaosaidiwa na oili katika miaka ya 1920, lakini gari la kwanza kuuzwa kwa wateja wa kawaida likiwa nao lilikuwa Chrysler Imperial ya 1951. Mfumo huo ndio mafundi wetu wanauita pawa stelingi ya oili. Pampu inazungushwa na belti ya injini, na kwenye shina la usukani kuna kifimbo chembamba cha chuma. Ukizungusha usukani kifimbo kinajipinda kidogo, kinafungua valvu, na oili inasukuma raki, yaani fito lenye meno linalogeuza magurudumu, upande unaotaka. Tairi likisukuma kutoka chini, nguvu hiyo inapita kwenye raki, inagusa oili, na sehemu yake inapanda kupitia kifimbo hadi mikononi. Oili hupunguza nguvu ya tairi lakini haiwi kizuizi kizito. Mark II GX100, ambayo bado unaiona Tabora na Kigoma, ina mfumo huo. Toka kwenye Mark II hiyo uingie IST, na mikono itakueleza tofauti kabla hujamaliza mtaa.

IST ina mota ya umeme kwenye shina la usukani. Suzuki Cervo ya 1988 nchini Japani ndiyo iliyofungua njia hiyo kwa magari ya kuuzwa kwa wingi, na mwaka 1990 Honda NSX yenye gia otomatiki ikawa gari la michezo lenye msaada wa umeme. Wengi hudhani mfumo huu hauna uhusiano na ule wa oili, kumbe kifimbo cha kujipinda bado kimo. Badala ya kufungua valvu, kinasomwa na sensa, na kompyuta inaiagiza mota isukume kiasi gani.

Shida iko kwenye mota yenyewe. Ili mota ndogo iweze kusukuma magurudumu, inapewa gia za kupunguza mwendo, hivyo inazunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa usukani. Mvuvi wa Kibirizi anayevua kwa mshipi anajua mgebuka amegusa chambo kwa sababu kati ya kidole na ndoano hakuna kitu ila uzi. Mfungie uzi huo kwenye gurudumu zito la kuvutia: samaki mkubwa atapanda bila jasho, lakini mguso mdogo utaishia kwenye gurudumu. Fizikia inalipima jambo hili kwa ukali. Inesha ya mota, yaani ukaidi wake wa kuanza kuzunguka, hukua kwa mraba wa uwiano wa gia. Ikiwa mota inazunguka mara 20 kwa mzunguko 1 wa usukani, mkono na tairi hukutana na ukaidi wa mara 400 ya ule wa mota peke yake. Mtikisiko mdogo wa haraka kutoka barabarani hauna nguvu ya kuisukuma mota iliyo hivyo, unameng'enyuka njiani. Ongeza na msuguano wa gia zenyewe.

Basi kwa nini watengenezaji waliuacha mfumo wa oili? Pampu ya oili inaendeshwa na injini muda wote, hata gari linapokwenda moja kwa moja kwenye lami ndefu ya Urambo bila kukata kona. Mota hutumia umeme mwingi pale tu inapofanya kazi, na sheria za Ulaya kuhusu moshi zinahesabu kila tone la mafuta. Tena bila mota hakuna gari linalojiegesha lenyewe wala linalojirudisha kwenye mstari wake. Porsche 911 ilihamia umeme mwaka 2011 na kizazi chake cha 991, na waandishi wengi wa magari walilalamika waziwazi. Ferrari ilisubiri hadi 812 Superfast ya 2017. McLaren na Lotus Emira zilibaki na oili, ila pampu yao huzungushwa na mota ya umeme badala ya belti ya injini. Alfa Romeo 4C ya 2013 haikuwa na msaada wowote; ilikuwa nyepesi na injini ilikaa nyuma ya dereva, hivyo magurudumu ya mbele hayakuelemewa.

Wahandisi hawakukaa kimya. Kompyuta inajua inesha ya mota yake, hivyo inaweza kuagiza mota ijisukume kidogo mapema ili ukaidi huo usifike mkononi. Inaweza kuuacha usukani ulegee pale nguvu ya tairi inaposhuka, ili dereva aisikie tofauti. Kuanzia hapo hisia ya usukani inakuwa jambo la kuchaguliwa: mtu ameketi na programu akaamua mtikisiko gani upite na upi ukatwe. Kwa maoni yangu, kosa la miaka ya mwanzo halikuwa umeme. Lilikuwa kukata kila kitu ili gari lionekane la kistarehe, kisha kuongeza uzito wa bandia kwenye kitufe cha "Sport". Uzito si taarifa. Usukani unaweza kuwa mzito sana na usikwambie lolote kuhusu tairi.

Wala si kila kinachotikisa mkono ni taarifa. Madereva wakongwe wa Landrover wamewafundisha wanafunzi wao tangu zamani: njia ikiwa na mawe, dole gumba lisikae ndani ya usukani, kwa sababu tairi likigonga jiwe usukani unazunguka kwa nguvu na unaweza kulivunja. Land Cruiser mkonga haitumii raki. Ina stelingi boksi yenye gololi ndani, ambayo kwa msuguano wake humeza mapigo mengi ya barabara mbovu. Kwa gari la michezo boksi hiyo ingekuwa hasara. Kwa gari linalotoka Kibondo na mzigo kwenye changarawe yenye mikunjo ni rehema, na sioni sababu ya mtu kuidharau. Kinachotakiwa ni kupitisha kulegea kwa tairi na kuzuia pigo la jiwe, na vyuma vitupu haviwezi kutenganisha viwili hivyo kikamilifu.

Umeme unaweza, na ndiyo sababu naufuatilia kwa hamu usukani usio na chuma kinachouunganisha na magurudumu. Infiniti Q50 ya 2013 ilijaribu, ikiwa na klachi ya akiba ya kuunganisha vyuma endapo umeme ungeshindwa. Tesla Cybertruck ya 2023 haina kiungo cha chuma kabisa. Huko kila kinachofika mkononi kimetengenezwa na mota baada ya sensa kupima nguvu kwenye magurudumu. Akiwepo mhandisi anayejua thamani ya ule mlegeo mdogo, anaweza kuuleta mkononi wazi kuliko ulivyowahi kuja kwa vyuma.

Kwa aliye na gari la kawaida hapa kwetu, yapo ya kuangalia kabla ya kuilaumu mota au pampu. Upepo mdogo kwenye matairi huufanya usukani mzito na mzubaifu, na pengine ndilo tatizo linalotibika kwa bei ndogo kuliko yote. Bushi zilizokufa za mikono ya chuma inayoshika magurudumu na tairodi endi (viungo vya kati ya raki na gurudumu) zilizolegea humeza ujumbe kabla haujafika kwenye raki. Kama gari lako ni la oili, angalia kiwango na rangi yake. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, ibadilishwe. Ukishafunga vipya, peleka gari likapimwe alaimenti, na umwambie fundi aangalie kasta ya kushoto na kulia kama zinalingana.