Mionzi haijaisha

Wiki iliyopita mama mdogo alirudi nyumbani Mbagala saa tano asubuhi, wakati siku za tiba yake ya saratani huwa tunamtarajia alasiri. Akavua viatu, akaketi barazani, akasema, "Nimeambiwa mionzi imeisha, nisubiri mpaka nipigiwe simu." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye daladala za Kivukoni, nimeisikia kwa jirani aliyemuuguza mumewe, nimeisoma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Siku chache kabla ya hapo nilimsikia mtu mwenye elimu yake akieleza soko la dunia la mashine za kutibu saratani, naye akasema nchi zetu hazina uwezo wa "kununua mionzi". Nikaona hili sasa liandikwe.

Mionzi ni nishati inayosafiri kutoka kwenye chanzo chake kwa mstari ulionyooka. Tiba ya mionzi ni kuielekeza nishati hiyo, kwa kipimo kilichopigiwa hesabu, kwenye uvimbe wa saratani ili seli zake ziharibike na zishindwe kugawanyika. Takriban nusu ya wagonjwa wote wa saratani huihitaji katika hatua fulani ya ugonjwa. Mashine ya mionzi ni chombo cha kuifanya kazi hiyo. Maana ni hiyo tu.

Neno lenyewe halina kosa. Mionzi ni wingi wa mwonzi, na mwonzi ni ule mstari wa mwanga unaopenya kwenye tundu la bati asubuhi, ukaangukia sakafuni huku vumbi likielea ndani yake. Hakuna aliyewahi kusema mwonzi wa jua umeisha. Ukiziba tundu haupo, ukizibua umerudi. Walioliteua neno hili kwa ajili ya fizikia walichagua vizuri kabisa. Wazungu nao walifika hapohapo kwa njia yao: katika Kilatini radius ni spoku ya gurudumu, na pia ni mwale wa mwanga, na kutoka hapo ndipo yalipozaliwa majina redio na radiamu. Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi yake mwaka 1895 hakujua ni kitu gani, akaipa herufi ya kihesabu ya kitu kisichojulikana, X, nasi tukapata eksirei. Miaka hiyohiyo, hapa Dar es Salaam, Wajerumani walikuwa wanajenga hospitali ufukweni, jengo ambalo leo limo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Neno lilipotea njia kliniki, kwenye kuhesabu. Mgonjwa huandikiwa "mionzi 25", maana yake mara ishirini na tano za kulala chini ya mashine, siku tano kwa wiki. Kinachohesabiwa ni siku, lakini ulimi umeruka neno siku. Mionzi ikishahesabiwa kama chupa za dripu, basi lazima iwe na stoo, na stoo huisha. Ongeza na lile neno "kuchomwa mionzi", ambalo humfanya mtu aone sindano na kichupa cha dawa. Ndipo mgonjwa anapokaa nyumbani akisubiri mionzi iletwe kama anavyosubiri dawa kutoka Bohari ya Dawa.

Nakiri kuna mashine moja ambayo kwayo usemi huo una chembe ya ukweli, nayo ni ya kobalti. Ndani ya kichwa cha mashine hiyo, katikati ya madini mazito ya risasi, kumewekwa kobalti-60 iliyotengenezwa kwenye kinu cha nyuklia. Hiyo hutoa mionzi usiku na mchana, mtu awepo asiwepo. Haizimwi, hufunikwa, kisha ikafunuliwa kwa muda uliopangwa. Wakanada ndio waliotangulia kuwatibu watu nayo mwaka 1951, na kwa miongo mingi ilizibeba nchi zetu kwa sababu haina mambo mengi na haitegemei sana umeme. Kila baada ya miaka 5.27 nguvu yake hubaki nusu. Mgonjwa aliyekuwa akilala chini yake dakika mbili, baada ya miaka mitano na ushee atalala dakika nne kupata kipimo kilekile. Foleni inarefuka, na mwisho chanzo lazima kibadilishwe. Lakini angalia: inapungua polepole, kwa hesabu ambayo mfizikia tiba anaijua miaka kabla. Haiishi Jumanne saa tatu asubuhi watu wakiwa wameshapanga foleni.

Chanzo hicho kweli hununuliwa, na kukibadilisha si jambo dogo. Husafirishwa ndani ya kasha zito kwa vibali, na kwetu Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo yenye dhamana ya kusimamia vitu hivyo. Kile cha zamani nacho lazima kiwe na mahali salama pa kwenda. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, mashine ya tiba iliachwa katika kliniki iliyohamwa, waokota vyuma wakaifungua, na chanzo chake cha sizi-137 kikaua watu wanne na kuwachafua wengine wapatao 250.

Mashine ya pili ndiyo inayotawala soko la leo: linaki. Hii haina chanzo ndani yake. Inatengeneza mionzi kwa umeme pale inapowashwa. Chembe za elektroni husukumwa na mawimbi mpaka zikaribie mwendo kasi wa mwanga, zikagongeshwa kwenye kipande cha metali ya tungsteni, na pigo hilo ndilo linalotoa eksirei zenye nguvu kubwa. Mawimbi hayo hutoka kwenye magnetroni, ndugu wa ile iliyomo kwenye oveni ya maikrowevu, au kwenye klaistroni, kifaa walichokibuni ndugu wawili wa familia ya Varian huko Stanford mwaka 1937, ambacho kizazi chake kilikuja kutumika kwenye rada. London ilianza kutibu kwa linaki mwaka 1953. Ocean Road ilianza mwaka 2018. Ukikata umeme, chumba cha linaki hakina miale ya tiba zaidi ya ile ya sebuleni kwako, yaani hakuna. Kwa hiyo mtu anaposema mionzi ya linaki imeisha, ni sawa na kusema sauti ya redio imeisha dukani.

Kinachokuwa kimekwama ni kitu kingine kabisa: magnetroni imechoka, maji ya kupoza hayapoi, pampu ya kuondoa hewa imekufa, umeme umecheza, au kompyuta ya kupanga tiba imefungwa kwa sababu leseni haijalipiwa. Na hapa ndipo yule mtu wa "kununua mionzi" alipokosea vibaya zaidi, kwa sababu soko analolizungumzia haliuzi mionzi. Ukinunua blenda Kariakoo ikaharibika, yupo fundi Gerezani atakayeifungua. Linaki haina fundi wa namna hiyo. Watengenezaji wake wakubwa ni wachache mno: Varian ya Marekani, ambayo Siemens Healthineers waliinunua mwaka 2021 kwa dola bilioni 16.4, na Elekta ya Stockholm, iliyoanzishwa mwaka 1972. Nyuma yao wako Accuray, kampuni za China kama United Imaging, na Wahindi wenye mashine yao ya kobalti iitwayo Bhabhatron.

Mnunuzi analipa mamilioni ya dola kwa mashine. Kisha anajenga chumba cha zege chenye kuta za unene unaozidi mita moja. Kisha anaweka saini mkataba wa matengenezo, na huo ndio moyo wa biashara yote: vipuri, programu, na wahandisi waliofunzwa na mtengenezaji mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa fedha za kigeni. Mashine ya msaada isiyo na mkataba huo huwa ni zawadi ya miaka michache. Nikisikia taarifa kwamba nchi fulani imepata mashine tatu, swali langu la kwanza ni nani atazitengeneza na kwa bajeti ipi.

Haya yanaonekana ni ya wakubwa, lakini yanamfika mgonjwa moja kwa moja. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, hutakiwa tiba yake yote ya mionzi ikamilike ndani ya wiki nane, kwa kuwa kila pengo linaipa nafasi ya kuota tena. Aliyeambiwa mionzi imeisha hana sababu ya kuhesabu siku. Atapanda basi arudi Kilwa, alime, asubiri shehena. Aliyeambiwa mashine imesimama na fundi anatarajiwa Alhamisi atabaki mjini kwa ndugu, na atauliza kama siku alizozikosa zitafidiwa vipi, au kama anaweza kupelekwa kwenye mashine nyingine. Nawaomba wanaokaa mapokezi waseme hilo la pili. Wenye kazi wanalijua. Najua wanafupisha kwa sababu foleni ni ndefu.

Mama mdogo nilimweleza jioni ile kwa tundu la bati la jikoni, nikaliziba kwa kiganja na kuliachia. Akanitazama, akasema, "Kumbe ni mashine ndiyo mgonjwa." Kesho yake alipiga simu mwenyewe, akauliza ni kifaa gani kimeharibika na kinatoka wapi. Akaambiwa kimeshafika uwanja wa ndege, kinasubiri kutolewa. Jumatatu alfajiri alikuwa kituoni Mbagala Rangi Tatu, na kadi yake ya kliniki mkononi: zimebaki siku kumi na moja.