Picha za kauboi za daraja B: herufi ile haikuwa alama ya mtihani

Mtu aliyepita shuleni akisikia "filamu ya daraja B" huona cheti: imefaulu, ila si sana. Dhana hiyo ndiyo mama wa nyingine zote kuhusu picha za kauboi za bei nafuu zilizotoka Hollywood miaka ya 1930 na 1940.

B ilihusu malipo. Mdororo wa uchumi ulipowabana Wamarekani, majumba ya sinema yalianza kuonyesha picha mbili kwa tiketi moja. Kwa ile kubwa, studio ilichukua asilimia ya mapato ya mlangoni. Ile ya pili ilikodishwa kwa bei moja tu: ukumbi ujae, ukumbi ukae mtupu, mwenye picha anapata kilekile. Sasa kama unajua mapema utaingiza kiasi gani, faida utaitoa wapi kama si kwenye gharama? Ndiyo maana picha nyingi za aina hii zilikuwa za saa moja au pungufu, zikapigwa kwa siku chache tu, mara nyingi nje, kwenye miamba ya Lone Pine, California, au ranchi za jirani na Los Angeles. Jua halidai bili.

Wapo wanaosema zilikuwa kazi za vistudio vya uchochoroni. Monogram na Republic kweli walikula kwa picha hizo, lakini Columbia, Universal na RKO nao walizitoa msimu baada ya msimu.

Kubwa zaidi ni hili la kwamba John Wayne, yule mwigizaji maarufu wa picha za kauboi, alianzia kwenye filamu ya Stagecoach ya 1939. Alikwisha kuwa stelingi mwaka 1930, katika The Big Trail, picha ya gharama kubwa iliyopigwa kwa mkanda mpana wa milimita 70, wakati majumba mengi hayakuwa na mitambo ya kuuonyesha. Ikaanguka, naye akaangukia picha za B kwa karibu miaka tisa. Kuna sita alizofanya Warner Bros. mwaka 1932 na 1933 ambazo mimi hunichekesha kila nikizikumbuka. Studio ilikuwa na mikanda ya zamani ya Ken Maynard, stelingi mwingine wa picha za kauboi, ya enzi za filamu bubu, imejaa mbio za farasi na vurumai za gharama. Wakamvisha Wayne nguo za kufanana na za Maynard, wakampa farasi mweupe aliyeitwa Duke, kisha wakachomeka vipande vile vya zamani. Kwa hiyo yule unayemwona kwa mbali akitimua vumbi huenda si Wayne kabisa! Hata katika Riders of Destiny ya 1933, anapoimba kama Singin' Sandy, sauti ni ya mtu mwingine.

Picha hiyo inazima na dhana nyingine, kwamba kauboi wa kwanza kuimba kwenye sinema ni stelingi Gene Autry. Maynard naye alikuwa ameimba kabla yake. Autry alizigeuza nyimbo kuwa biashara, na hadithi zake zina magari na redio, kwa hiyo si kila kauboi wa sinema aliishi karne ya 19.

Ngumi je? Kiini macho. Yakima Canutt, fundi wa michezo ya hatari, na Wayne walisaidia kuunda mtindo wa kupitisha ngumi mbele ya uso huku kamera ikiwekwa pembe inayoficha mwanya. Farasi hawakuwa na bahati hiyo. Waliangushwa kwa waya zilizofungwa miguuni, na wengine walikufa.

Sisi tuliokua tukiambiana "stelingi hafi" tulimzoea stelingi Mzungu, tukadhani hakuwahi kuwepo mwingine. Mwaka 1937 ilitoka Harlem on the Prairie, stelingi wake Herb Jeffries, mwimbaji ambaye baadaye aliimba na bendi ya jazz ya Duke Ellington. Zikafuata nyingine, ikiwemo The Bronze Buckaroo ya 1939, waigizaji wote Weusi, na zilipigwa kwenye ranchi ya Mmarekani Mweusi karibu na Victorville, California. Zililenga majumba ya watazamaji Weusi, kwani ubaguzi ulikuwa umegawa hata viti vya sinema. Wala haikuwa ndoto ya mtunzi: wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Picha za Wazungu ndizo zilizowafuta.

Na televisheni, inayosemwa iliziua? Iliwahamisha tu makauboi wake. Autry alikuwa na kipindi chake mwaka 1950, na Roy Rogers, kauboi mwingine mwimbaji, mwaka 1951. Mjanja kuliko wote ni William Boyd, aliyemwigiza Hopalong Cassidy: alinunua haki za picha zake, kituo cha televisheni cha NBC kikaanza kuzirusha mwaka 1949, na mwaka uliofuata sura ya Hopalong ilikuwa kwenye visanduku vya chakula vya watoto wa shule.