Kesi Iliyozaliwa Mfu Haihamishwi

"Wakili, kama tulikosea korti, si tuombe tu faili ihamishwe?" Swali hili halikosi wiki, Kisumu hata Nakuru, na linalouma ni kwamba siku hizi linatoka pia kwa mawakili. Jibu ni hapana. Kinachohamishwa ni kesi iliyo hai. Ukifungua kesi mbele ya korti isiyo na mamlaka ya kuisikiliza, hakuna kilichozaliwa pale, na Mahakama Kuu haina cha kuhamisha.

Msimamo huu ni wa zamani. Ulitamkwa Uganda mwaka 1968 katika Kagenyi dhidi ya Musiramo, korti za Kenya zikaufuata, na mwaka 2019 Mahakama yetu ya Rufani ikaurudia bila kumung'unya maneno katika kesi ya Phoenix dhidi ya Thiga.

Tazama linavyotokea. Mtu ana mgogoro wa shamba Rongai, upande wa Nakuru. Anafungua kesi kwa Hakimu Mkuu, ambaye kikomo chake ni shilingi milioni 20. Miezi minane baadaye ripoti ya mthamini inasema shamba ni la milioni 26, na lilikuwa na thamani hiyo hata siku ya kufungua kesi. Anakimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu, na ombi la uhamisho, na katika hati ya kiapo, aya ya tano, anaapa kwamba thamani inapita uwezo wa hakimu. Aya hiyo ndiyo kaburi lake. Wakili wa upande wa pili hahitaji ushahidi wowote. Anaisoma kwa sauti na kuomba kesi itupwe. Ameapa mwenyewe!

Basi soma kikomo kabla ya kulipa ada. Chini ya sheria ya mahakimu ya 2015, Hakimu Mkaazi anaishia milioni 5, Mkaazi Mwandamizi 7, Hakimu Mwandamizi 10, yule wa ngazi inayofuata 15, na Hakimu Mkuu 20. Mahakama ya Madai Madogo inaishia milioni 1, na kesi za ardhi haigusi kabisa.

Watu huchanganya mamlaka na mahali. Ajali imetokea Luanda, kaunti ya Vihiga, dereva anaishi Kisumu, nawe umefungua kesi Nakuru kwa hakimu mwenye uwezo wa kiasi unachodai. Hapo umekosea mahali. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai (ndiyo sheria ya vifungu vyote ninavyovitaja hapa) kinakutaka uende anakoishi mdaiwa au chanzo cha madai kilikotokea, lakini kosa hilo kwa kawaida hutibika kwa uhamisho. Hata kwenye rufani, kifungu cha 16 hakimsikilizi anayelalamikia mahali kama hakupinga tangu korti ya kwanza na haki haikupotea kwa sababu hiyo. Kosa la mamlaka halina huruma ya namna hiyo.

Tena kupanda si sawa na kushuka. Ukipeleka deni la milioni 3 Mahakama Kuu, umevunja kifungu cha 11 kinachotaka uanzie korti ya ngazi ya chini yenye uwezo. Hata hivyo Mahakama Kuu ilikuwa na mamlaka, kwa hiyo inaweza kukuteremsha kwa hakimu chini ya kifungu cha 18 na kesi ikaendelea. Kutoka kwa hakimu kupanda juu ndiko watu wanakoangamia.

Lakini si yote yamenyooka. Mwaka 2013, katika kesi ya Mugendi dhidi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mahakama ya Rufani ilisema jaji wa Mahakama Kuu akikutana na mgogoro wa kazi, ni busara kuupeleka kwa korti ya ajira badala ya kuufuta. Ukiiweka kando ya uamuzi wa 2019, utaona maamuzi hayo mawili hayaketi vizuri pamoja. Majaji wengine huihesabu Mugendi kama ruhusa kati ya korti za hadhi moja peke yake, wengine huifuta kesi papo hapo. Usimwahidi mteja kitu hapo.

Ukishagundua kosa, usiombe uhamisho. Ondoa kesi kwa notisi chini ya Amri ya 25 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai kabla haijapangiwa kusikilizwa, kisha fungua upya mahali panapofaa. Kwanza hesabu muda: miaka 3 kwa majeraha ya ajali, 6 kwa mkataba, 12 kwa ardhi. Usitegemee korti ikurudishie miaka uliyoipoteza kwenye mlango usio wako.

Kama kesi yako kweli ni hai, ombi huenda Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 17 au 18. Barua kwa hakimu haitoshi. Kiongozi wa kituo anaweza kugawa faili kati ya mahakimu wa kituo chake, na hapo ndipo watu hudhani anaweza kuituma Kakamega pia. Hawezi. Ambatisha hati ya madai, utetezi na mwenendo wa kesi hadi ilipofika, omba kesi ya chini isimame kwa muda, na uupe upande wa pili nakala. Sababu ziwe za kupimika: mashahidi wako wapi, nauli ni kiasi gani, nani ataumia zaidi. "Hakimu hanipendi" si sababu. Hilo huanza kwa kumwomba yeye mwenyewe ajiondoe.

Ukipewa amri, kazi bado. Amri isiyoandikwa na kutiwa muhuri haisogezi faili hata hatua moja. Itabaki kwenye rafu ya rejista, yaani ofisi ya faili za korti, huku kila mtu akidhani imeshaondoka. Ipeleke mwenyewe, uliza barua ya kusindikiza faili, kisha nenda rejista inayopokea uhesabu vielelezo kimoja kimoja kabla ya kuchukua namba mpya na tarehe ya kutajwa.