Acheni kwenda kijijini "kujifunza kuridhika"

Barua nyingine ya maombi imeingia juzi, na aya yake ya kwanza naijua hata kabla ya kuisoma: "Nataka kujitolea kijijini ili nijifunze kuridhika, maana watu wa kule hawana kitu lakini wana furaha." Sentensi hii nilizoea kuipata kwa vijana wa Ulaya na Marekani, nikawa nawasamehe, wamekua wakionyeshwa picha. Ya juzi imetoka kwa mhitimu wa chuo kikuu, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye bila shaka ana bibi kijijini, na bibi huyo akipiga simu ni kuomba hela ya dawa.

Kazi yangu ni kuratibu wanaojitolea hapa Tanga, wageni na wazawa. Leo naomba niseme nipumue: umaskini haumfundishi kitu mtu aliyekuja kuutazama. Kukua kupo, nimekuona, lakini hakutoki huko.

Tuanze na hiyo furaha. Pita vijiji vya Handeni mwezi wa tisa, malambo yamekauka, utakutana na mama ana ndoo ya lita 20 kichwani. Utamwamkia, atasimama na mzigo wake, atakujibu salama, atauliza za safari, za nyumbani, atatabasamu. Mgeni anakwenda kuandika: wana furaha. Jamani, huyo mama amekupa adabu yake, habari zake hajakupa. Hata msibani tunajibu salama kwanza. Habari zenyewe zinakuja baadaye, tena kwa mtu aliyeshazoeleka: mtoto hakulala, mbuzi wamekufa, bomba halitoi maji wiki ya pili. Anayekaa wiki mbili akaondoka na picha zake hafikii hapo.

Halafu chakula. Binti mmoja wa kigeni aliniambia familia anayokaa nayo inakula wali na kuku, "wanaishi vizuri kwa kidogo walichonacho". Nikapita dukani. Kwenye daftari la madeni, ukurasa wa baba mwenye nyumba ulikuwa na chumvi, kiberiti, sabuni ya kipande, miezi na miezi. Kuanzia wiki aliyofika mgeni: mchele kilo 2, mafuta ya kupima, sukari, soda, mchele tena. Walikuwa wanakopa ili mgeni ale. Na huwezi kumshikisha mama noti mkononi baada ya kula kwake, ni kumtukana. Tulichofanya ni kupitisha posho ya chakula na malazi ofisi ya kijiji, mwanzo wa mwezi, ikaandikwa, na binti akaanza kula ugali na kisamvu kama wenzake. Alipoelezwa kuhusu deni alinuna siku kadhaa, nadhani kwa aibu. Kisha akaanza kufuatana na mama shambani. Alikuja kusaidia, akakuta yeye ndiye anayesaidiwa, na nyumba nzima ilikuwa inalijua hilo isipokuwa yeye. Kwa macho yangu, hapo ndipo alipoanza kubadilika.

Taratibu nitazipitia mbio. Mgeni atafute kibali cha ukaazi daraja C. Barua ya utambulisho inatoka halmashauri, inakwenda kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usimruke hata mmoja. Na ukitaka wiki mbili za kubeba watoto kwenye kituo cha yatima, usiniandikie kabisa. Watoto wale wameshaachwa vya kutosha.

Penye uzito ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria hukutana angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ana sauti. Vijana wanauona usumbufu, kumbe ndipo mahali pekee ambapo watu wanaweza kukukatalia rasmi. Mhitimu mmoja alisimama na wazo lake la vyoo vya mfano, michoro mikononi. Mzee akauliza: "Hicho chako tutakisafisha kwa maji gani?" Mkutano ukacheka, mwenyekiti akaita ajenda nyingine. Yule kijana angeweza kupanda basi. Badala yake akaenda kujishikiza kwa jumuiya ya watumia maji, akisaidia kuandika mahesabu ya ndoo, chini ya mweka hazina aliyeishia darasa la saba na aliyekuwa akimrudishia kitabu kila shilingi isipolingana. Ndiko alikokomaa.

Msinielewe kwamba dawa ni kukaa muda mrefu tu. Wanaojitolea wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani, hukaa miezi 27, na takriban mitatu ya mwanzo ni ya kujifunza lugha huku ukiishi na familia. Mpango huo naupenda. Lakini daktari wa macho anayealikwa na hospitali, akapasua kwa wiki mbili akaondoka, simlaumu hata kidogo. Aliitwa, na kazi anaijua.

Sasa mashaka yangu. Sina uhakika kwamba ni kijiji kinachowabadilisha. Kijana wa miaka 23 hubadilika ndani ya mwaka hata akibaki Kariakoo anauza vitenge. Tena ushuhuda tunaoubandika kwenye ripoti ni wa waliomaliza. Aliyeondoka mwezi wa pili hatumpigii simu. Na mbona swali la kukua tunamuuliza mgeni tu? Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamezunguka nyumba kwa nyumba miaka na miaka bila mshahara, na hakuna aliyewaomba insha juu ya safari yao ya ndani. Mapema 2024 serikali ilizindua mpango wa kufundisha zaidi ya 137,000 kati yao ndani ya miaka mitano, safari hii na posho. Sawa, lakini ulichelewa.

Kwenye usaili sasa siulizi tena "kwa nini unataka kujitolea". Nauliza: umewahi kufanya kazi chini ya mtu mwenye elimu ndogo kuliko yako, akakukosoa, ukarudi kesho yake? Wengi wanakaa kimya. Nalo si kipimo cha kutegemea: aliyelijibu vizuri kuliko wote alidumu wiki sita, na mmoja aliyebabaika hadi nikamwonea huruma bado yuko Handeni, anabishana na mtendaji kuhusu bomba.