Dawa kadhaa za maumivu baada ya upasuaji wa kifua: je, ni kuzidisha dozi?

Wagonjwa wengi waliopasuliwa kifua wakiona paracetamol, ibuprofen na mofini kwenye karatasi moja ya dawa, huhofia wanazidishiwa. Wengine huficha kidonge kimoja chini ya mto. Inaniuma, kwa sababu hofu hiyo huwaongezea mateso bure.

Dawa hizi hazifanyi kazi mahali pamoja. Ibuprofen hupunguza uvimbe penye kidonda, mofini huzuia ishara za maumivu kwenye uti wa mgongo na ubongo, na sindano ya ganzi kwenye neva, kwa anayepewa, huzikata njiani. Zikisaidiana, mofini inayohitajika hupungua, na pamoja nayo kichefuchefu, usingizi mzito na kufunga choo. Tena kifua hakipumziki: kila pumzi huvuta mshono. Anayeogopa kukohoa hubaki na makohozi, na nimonia huanzia hapo.

Hatari ipo kwenye kurudia dawa za jamii moja, mfano ibuprofen na diclofenac, au paracetamol iliyojificha ndani ya dawa ya mafua. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za paracetamol kwa siku. Mwenye figo dhaifu au vidonda vya tumbo amweleze daktari kabla ya kumeza ibuprofen.