Spana ya 15/16 si ndogo jamani

Hapa Lamu kila kijana anayekuja karakana kujifunza kazi ya mashine za boti, nikimwambia nipangie spana za inchi ubaoni, ndogo kwenda kubwa, ananiwekea zile za kumi na sita zote mwanzo, za nane zikafuata, afu robo tatu, na nusu inchi mwisho kabisa kama ndo bwana wao. Yani 15/16 imekaa kabla ya 3/8! Ukimuuliza anakujibu bila wasiwasi, "Fundi, namba ya chini ikiwa kubwa sehemu ni ndogo, ndivo tulivofundishwa."

Hii inanichosha kuliko zote, manake kanuni ina ukweli wake ila mtu kaimeza bila sharti. Sharti ni kwamba namba za juu zilingane. 3/16 na 3/8, sawa, vitatu kwa vitatu, vya kumi na sita ni vyembamba, kwisha. Lakini 15/16 na 3/8? Kata sinia la halwa vipande 16 ule 15, mwenzio akate sinia kama hilo vipande 8 ale 3, hebu nambie nani hatamaliza chakula cha usiku.

Dawa yake ni kuzigeuza zote ziwe za kumi na sita. 3/8 ni 6/16, nusu ni 8/16, 5/8 ni 10/16, 3/4 ni 12/16. Sasa panga: 3/8, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4, na 15/16 kule mwisho imebakisha kidogo iwe inchi nzima. Huamini, chukua tepu upande wa inchi, tepu nyingi zina vimstari 16 kwa inchi moja, hesabu mwenyewe kwa kidole. Maana nati ikikataa ya nusu, inayofuata ni 9/16, sasa wewe unaniletea 3/4, inacheza, inakula kona za nati, na mwenye boti kutoka Mokowe amesimama hapo anatutazama.

Wengine wana ile nyingine, ati 7/16 ni kubwa kuliko 1/2 sababu 7 na 16 ni namba kubwa. Hapa mimi nasema siku zote, angalia nusu kwanza kabla hujashika kalamu. Zidisha ya juu mara mbili: 7 inakuwa 14, haifiki 16, basi iko chini ya nusu. 5 ya 5/8 inakuwa 10, imepita 8. Kwa hivo 5/8 inaishinda 7/16, hujageuza chochote.

Ati 3/4 na 7/8 ni sawa kwa kuwa zote zimebakisha moja. Moja ya nini? Ile imebakisha robo, hii imebakisha 1/8 tu, kwa hivo 7/8 ni kubwa.

Ati bila LCM, yani kigawe kidogo cha shirika cha namba za chini, huwezi kulinganisha. Unaweza. 5/8 na 7/12, zidisha kwa kukingamanisha: 5 mara 12 ni 60, 7 mara 8 ni 56, 5/8 ni kubwa. Ila jibu la kila upande liandike juu ya namba yake ya juu, nyinyi mnapenda kuyabadilisha halafu mnailaumu hesabu.

Na ya mwisho, ati spana ya milimita 13 ndo nusu inchi. Mashine za Yamaha ni za milimita, hapo sina neno, ila ukifungua mashine kuukuu ya Kimarekani utakutana na inchi. Inchi ni milimita 25.4, nusu yake 12.7, kwa hivo 13 inalegea. 3/4 ni 19.05, tumia 19 haina shida. 5/8 inakaribia sana 16. Lakini 9/16 ni kama 14.29, 14 haiingii, 15 inacheza, itafute 9/16 yenyewe.